Uzamili wa Uuguzi Marekani: Anza na Kazi, Chuo Kitafuata

Kama wewe ni nesi uliyetoka Kisumu, Mwanza, Kigoma au Goma na sasa unaishi Marekani, huenda safari yako inafanana na ya wengi wetu. Ulianza kwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba za kulelea wazee, ukasoma huku unafanya zamu za usiku, ukafaulu mtihani wa NCLEX na kupata leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa. Sasa mgongo umeanza kudai chake. Kila ukifungua simu unakutana na matangazo ya shahada ya uzamili: soma ukiwa nyumbani, hakuna mtihani wa kuingia, anza mwezi ujao. Kabla hujajaza fomu, tukae chini tuyapange mambo, maana ada ya masomo haya ni pesa ya kujengea nyumba, na anayeingia njia isiyo yake huilipa mara mbili.

Watu huniuliza kwanza, "Niende chuo gani?" Nami huwarudishia swali: ukishahitimu, ungependa siku yako ya kazi iweje? Nyumbani, shahada ya uzamili mara nyingi humpandisha mtu daraja palepale alipo. Marekani kila programu ya uzamili wa uuguzi imefungamana na kazi yake, na kwa kazi za kutibu kuna mtihani wake na leseni yake. Ukisomea moja huwezi kufanya nyingine bila kurudi darasani.

Kazi inayowavuta wengi ni ya nesi mtabibu, ambaye Wamarekani humwita kwa kifupi NP. Ukitaka kumwelewa, mfikirie tabibu wa kituo cha afya kule nyumbani: anamsikiliza mgonjwa, anampima, anaagiza vipimo, anatambua ugonjwa na kuandika dawa. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kwanza ili watoto wa maeneo yasiyo na madaktari wapate huduma. Jambo linalowaponyoka waombaji ni kwamba hakuna NP wa jumla jumla. Unapoomba unachagua pia kundi la wagonjwa: familia nzima, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga, wanawake, au afya ya akili. Kwa watu wazima na kwa watoto kuna mgawanyo mwingine tena, wa kliniki ya kawaida au wa wagonjwa mahututi hospitalini. Aliyesomea watu wazima haruhusiwi kutibu mtoto wa miaka mitano, hata kama alifanya kazi wodi ya watoto miaka kumi. Kama hujui moyo wako uko wapi, njia ya familia ndiyo pana zaidi. Kama unajua unapenda afya ya akili, nenda huko moja kwa moja, usipitie familia kwa kuogopa kukosa kazi.

Nesi wa usingizi ndiye anayemlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji na kumwamsha salama. Mshahara wake unajulikana, na ndiyo sababu kila mtu anamtaja. Kwa takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati kwa mwaka, yaani ule ambao nusu ya watu wanapata chini yake na nusu juu yake, ulikuwa dola 93,600 kwa RN, dola 129,210 kwa nesi mtabibu na dola 223,210 kwa nesi wa usingizi. Lakini tazama njia yenyewe. Lazima uwe umefanya kazi ya RN kwa wagonjwa mahututi, ICU, angalau mwaka mmoja, na wanaochaguliwa mara nyingi wana zaidi ya huo. Masomo huchukua miaka mitatu au zaidi, mwanafunzi hufanya angalau saa 2,000 za vitendo na kumlaza mgonjwa si chini ya mara 600. Tangu Januari 2022 wanafunzi wapya wote husomea ngazi ya udaktari, kwa hiyo uzamili wa usingizi haupo tena. Vyuo vingi huwakataza wanafunzi kufanya kazi nyingine wakati wa masomo. Mwenye watoto wadogo na kodi ya nyumba ajiulize mapema nani atalisha nyumba miaka hiyo mitatu.

Ipo pia njia ya ukunga, ambayo Wakenya na Watanzania wengi wanaingia wakiwa tayari na mikono yenye uzoefu. Ipo ya nesi bingwa, anayeongoza ubora wa huduma katika idara moja, kama ya saratani au ya moyo. Na zipo njia zisizo za kutibu: ualimu wa uuguzi, uongozi, na mifumo ya kompyuta ya hospitali. Hizi hazikuongezei leseni. Mwalimu wa uuguzi kwa kawaida hulipwa chini ya nesi mtabibu, na hilo lisikukatishe tamaa kama kufundisha ndiko unakokupenda, ila uende ukijua.

Je, ni lazima usome hadi udaktari wa uuguzi, unaoitwa DNP? Ukiacha njia ya usingizi, hapana. Kwa unesi mtabibu na ukunga, uzamili unatosha kukufikisha kwenye mtihani na leseni. DNP huhitaji jumla ya saa 1,000 za vitendo baada ya shahada ya kwanza, na masomo zaidi ya utafiti na uongozi. Ushauri wangu ni huu: chukua uzamili, fanya kazi, na udaktari uusomee baadaye kwa pesa ya mwajiri, isipokuwa kama unataka kufundisha chuo kikuu.

Tuje kwenye sifa za kuingia. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya uuguzi, leseni ya RN isiyo na dosari, na wastani wa alama, GPA, usiopungua 3.0 kati ya 4.0. Kama ulisoma miaka miwili katika chuo cha jamii na una stashahada tu, tafuta programu za daraja, ambazo hukuchukua kutoka stashahada hadi uzamili bila kusimama. Kama shahada yako ni ya nyumbani, italazimika kutathminiwa na taasisi kama WES au ECE, zinazolinganisha masomo yako na ya Marekani. Omba tathmini ya somo kwa somo, si ile fupi inayotaja shahada pekee. Hapa Watanzania muwe waangalifu: vyuo vyetu huhesabu GPA kwa 5.0, kwa hiyo 3.6 ya nyumbani haisomeki kama 3.6 ya Marekani. Usiijaze mwenyewe kwenye fomu kana kwamba ni ileile. Mkenya mwenye alama za asilimia naye asubiri tathmini. Na kama GPA yako iko chini kidogo, usikate tamaa. Vyuo vingi humsikiliza mtu aliyerudia somo la takwimu au fiziolojia hivi karibuni akapata A.

Sasa chuo. Cha kwanza kabisa kutazama ni ithibati, yaani uthibitisho wa chombo cha nje kwamba mafunzo yanafikia kiwango. Kwa uuguzi vyombo vinavyojulikana ni CCNE, ACEN na CNEA. Kwa usingizi ni COA, na kwa ukunga ni ACME. Ingia kwenye orodha ya chombo chenyewe ukatafute jina la chuo pamoja na programu unayoitaka. Usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Bila ithibati hutaruhusiwa kufanya mtihani wa taaluma, na shahada itabaki karatasi. Januari 2023 wapelelezi wa FBI na wenzao wa Wizara ya Afya walitangaza kesi ya vyuo vitatu vya Florida vilivyouza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600. Baadhi ya walionunua ni wahamiaji kama sisi, waliokuwa na ujuzi wa kweli, wakatafuta njia ya mkato. Yeyote anayekuahidi cheti bila wodi, hata akiwa mtu wa kijijini kwenu, mkimbie.

Halafu kuna suala la jimbo, na hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Leseni hutolewa na jimbo. Ukisoma mtandaoni kwenye chuo kilicho Ohio wakati wewe unaishi Washington, chuo hicho lazima kiwe na ruhusa ya kufundisha wakazi wa Washington, na mafunzo yake yatimize masharti ya leseni ya huko. Sheria ya serikali kuu inakitaka chuo kikueleze hili. Waandikie barua pepe: "Ninaishi jimbo fulani. Je, nikihitimu nitaweza kuomba leseni hapa?" Uitunze barua ya majibu. Usidanganyike pia na leseni ya RN ya majimbo mengi. Hiyo ni ya RN tu, haikubebi ukiwa nesi mtabibu. Uhuru wa kazi nao hutofautiana. Minnesota, baada ya saa 2,080 za kufanya kazi na mwenzako mzoefu, unaweza kujitegemea hata ukafungua kliniki. Texas utahitaji mkataba wa maandishi na daktari ili uandike dawa. Kama ndoto yako ni kliniki ndogo ya kuhudumia Wasomali, Wakongo na Wakenya wa mtaani kwako, sheria ya jimbo ni nusu ya uamuzi.

Nataka tukae zaidi kwenye mafunzo kwa vitendo, maana ndipo watu wanapoumia. Viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinataka mwanafunzi wa unesi mtabibu afanye angalau saa 750 akiwatibu wagonjwa chini ya msimamizi, ambaye ni daktari au NP mzoefu aliyekubali kukufundisha. Ukifanya siku mbili za saa nane kila wiki, hizo ni wiki 47. Nani anakutafutia msimamizi huyo? Vyuo vizuri hukutafutia na kusaini mkataba na kliniki. Vingine hukuachia mzigo. Unajikuta unapiga simu kliniki hamsini, zote zinasema nafasi zimejaa, huku muhula unakaribia. Anayekosa huahirisha muhula, au hulipa kampuni ya kutafutia wasimamizi kutoka mfukoni mwake. Kwetu sisi tabu ni kubwa zaidi. Mwenzako aliyezaliwa hapa ana daktari wa familia, ana shangazi anayefanya kazi kliniki. Wewe jamaa zako wako Bungoma.

Kwa hiyo uliza kwa maneno haya haya: "Chuo kinanitafutia msimamizi, au natafuta mwenyewe? Kikishindwa kunipatia, inakuwaje?" Ukijibiwa kwamba "tunasaidiana na mwanafunzi," endelea kuuliza mpaka upate jibu lililonyooka. Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeishi jimboni kwako. Uliza vilevile ni asilimia ngapi ya wahitimu hufaulu mtihani wa taaluma mara ya kwanza, na ni wangapi walioanza pamoja wakamaliza. Programu za usingizi zinatakiwa kuyaweka matokeo haya hadharani. Chuo cha njia nyingine kinachokataa kuyataja kimekwisha kujibu.

Gharama sasa. Ada hutozwa kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Tuseme programu ina krediti 45. Chuo cha umma kinachotoza dola 600 kwa krediti kitakugharimu dola 27,000. Cha binafsi kinachotoza 1,400 kitakula 63,000. Leseni mwishoni ni ileile. Ongeza ada ya maombi ya kila chuo, vitabu, chanjo na vipimo, ukaguzi wa rekodi ya uhalifu, bima ya kazi, nauli na hoteli kama chuo kinakuita kwa mafunzo ya ana kwa ana, na ada ya mtihani wa mwisho.

Gharama kubwa isiyoandikwa popote ni saa za kazi utakazopunguza. Chukua mfano wa nesi anayelipwa dola 45 kwa saa akiacha zamu moja ya saa 12 kila wiki. Kwa wiki 50 amepoteza dola 27,000, sawa na ada nzima ya kile chuo cha umma. Andika hesabu hii pamoja na mwenzi wako kabla ya kuomba. Familia ya nyumbani nayo iambiwe mapema kwamba kwa miaka miwili pesa za kutuma zitapungua. Ni mazungumzo magumu, najua, lakini ni magumu zaidi katikati ya muhula.

Nani atakusaidia kulipa? Anza na mwajiri. Hospitali nyingi hurudisha ada, na sheria ya kodi humruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Soma mkataba wake, kwa kuwa mara nyingi utatakiwa kubaki kazini miaka kadhaa. Kinachofuata ni fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa serikali kuu. Kuijaza ni bure; anayekutoza pesa kwa fomu hiyo anakuibia. Inawafaa raia na wenye green card, na inawatambua pia wakimbizi waliopokelewa rasmi na waliopewa hifadhi, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo na Warundi wasijitoe wenyewe kabla ya kuuliza.

Kwenye mikopo kuna mabadiliko makubwa. Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lote la gharama, haupo kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa uzamili wa kawaida anaruhusiwa kukopa serikalini hadi dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Fani zinazohesabiwa kuwa za kitaalamu, kama udaktari wa binadamu, zina ukomo wa 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na pendekezo la Wizara ya Elimu la mwishoni mwa 2025 liliuacha uuguzi nje ya orodha hiyo. Iulize ofisi ya mikopo ya chuo unachokiomba inakuhesabu wapi. Kwa anayetaka usingizi, ambao katika vyuo vingi ada na gharama za maisha huvuka laki moja ya dola, jibu hilo linaweza kubadili mpango mzima.

Baada ya kuhitimu upo mpango wa Nurse Corps. Ukikubali kufanya kazi miaka miwili mahali penye upungufu mkubwa wa wauguzi, au kufundisha uuguzi, serikali hulipa asilimia 60 ya deni lako la masomo ya uuguzi, na mwaka wa tatu ukiongezwa, asilimia 25 nyingine. Wanaoruhusiwa kuomba ni raia na wenye green card. Wanaofanya kazi serikalini au kwenye hospitali zisizo za faida wana njia nyingine, PSLF, inayofuta mkopo uliobaki wa serikali kuu baada ya malipo 120 ya kila mwezi.

Na wewe uliye bado Dar es Salaam, Mombasa au Kampala? Huenda ikawezekana, kutegemea masharti ya visa yanayoihusu nchi yako kwa sasa, ila ujue milango. Programu nyingi zitakutaka uwe tayari na leseni ya RN ya Marekani, maana bila hiyo huwezi kumgusa mgonjwa kwenye vitendo. Hiyo ina maana ya kuhakikiwa vyeti, kupima Kiingereza kwa TOEFL au IELTS, na kufanya NCLEX, ambao usajili wake ni dola 200. Chuo kikikukubali kitakupa fomu ya I-20, ya kuombea visa ya mwanafunzi. Utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za maombi ya visa, na utaonyesha taarifa ya benki yenye pesa za mwaka mzima. Visa ya mwanafunzi haitolewi kwa programu ya mtandaoni tupu, na FAFSA haikuhusu. Kwa sababu hiyo, wengi wenye akili ya hesabu huja kwanza kufanya kazi kama RN, kisha ndiyo wasome. Kama unakusudia kurudi nyumbani na shahada hiyo, waandikie mapema Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au Baraza la Wauguzi la Kenya uulize watakusajili kwa kada ipi, kwa sababu mamlaka ya kutibu na kuandika dawa uliyopewa Marekani hayahami pamoja nawe. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua vyeti vya vyuo vikuu vya nje.

Tukija kwenye maombi yenyewe, vyuo vingi hupokea kupitia mfumo mmoja wa NursingCAS, vingine kwa tovuti zao. Omba vinne: kimoja cha matumaini makubwa, viwili vinavyokufaa, kimoja cha uhakika. Barua za mapendekezo huwa mbili au tatu. Msimamizi wako wa wodi anayekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko mkubwa wa hospitali asiyejua jina lako. Muombe mwezi mmoja na nusu kabla, umpe na wasifu wako. Kwenye insha ya kujieleza usianze na "tangu utotoni nilipenda kusaidia watu." Wasomaji wa insha hizo wameisoma sentensi hiyo mara elfu. Waeleze mgonjwa mmoja, bila kumtaja jina, na kitu ulichoona ukatamani ungekuwa na mamlaka ya kukifanya. Kama unazungumza Kiswahili, Kikikuyu au Kinyarwanda na wagonjwa wako, sema hivyo waziwazi. Kwa kliniki zenye wahamiaji, hiyo ni sifa ya kitaalamu kabisa.

Kwenye usaili, jiandae kueleza kwa nini njia hii na si ile jirani yake. Ukikubaliwa na viwili, weka karatasi mbili mezani: ada yote kwa jumla, nani anatafuta msimamizi, kiwango cha kufaulu, na umbali kutoka nyumbani kwako. Usilipe pesa ya kushika nafasi siku uliyopata barua. Una haki ya kuuliza muda wa kujibu, na kuomba uongezewe.

Maombi mengi ya kuanza masomo Agosti au Septemba hufungwa kati ya Oktoba na Machi, kwa hiyo mwaka mmoja kabla si mapema. Kama ulisoma nyumbani, kazi ya wiki hii ni moja tu: mpigie ndugu au mwanafunzi mwenzako aliyebaki, mpe barua ya idhini yenye sahihi yako, aende ofisi ya msajili wa chuo chenu kuulizia transkripti. Lazima itumwe na chuo chenyewe moja kwa moja kwa WES au ECE, ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri au kwa njia ya mtandao inayokubaliwa. Mara nyingi ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi katika kuandaa maombi, na bila hiyo fomu yako haitasomwa.